Ferry Porsche: mwana aliyeanza kuchora gari wakati babake yuko gerezani

Tarehe 8 Juni 2018, mjini Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, kampuni ya Porsche ilifunua gari moja mbele ya wageni wake. Lilikuwa gari la watu wawili, wazi juu, la rangi ya fedha na nyeupe, lenye kioo cha mbele kifupi kilicholala nyuma. Jina lake: 911 Speedster Concept. Siku ile halikuwa la kuuzwa. Lilikuwa gari la maonyesho, lililotengenezwa ili kusherehekea miaka 70 tangu gari la kwanza la michezo lenye jina la Porsche kuruhusiwa kutembea barabarani.

Ruhusa hiyo ilitolewa tarehe 8 Juni 1948, si Ujerumani bali katika jimbo la Kärnten, nchini Austria, wakati jimbo hilo lilikuwa bado chini ya jeshi la Waingereza. Mwenye kuongoza kazi ile alikuwa kijana wa miaka 38 ambaye kampuni yake ilikuwa inaishi kwa kutengeneza mashine za kulimia na pampu za maji. Watu wengi wakisikia jina la Porsche humfikiria mzee Ferdinand, aliyechora gari la Volkswagen. Lakini magari ya michezo ambayo dunia inayajua leo ni kazi ya mwanawe, aliyepewa pia jina la Ferdinand, na ambaye wote walimwita Ferry.

Ferry alizaliwa tarehe 19 Septemba 1909 katika mji wa Wiener Neustadt, Austria. Siku ile babake hakuwa nyumbani. Alikuwa kwenye mashindano ya magari katika mlima wa Semmering, akaletewa habari ya mtoto kwa telegramu. Mzee alikuwa mhandisi mkubwa wa kampuni ya Austro-Daimler, na mtoto alikulia karibu na kiwanda, katikati ya harufu ya mafuta na kelele za motere. Noeli ya mwaka 1920 alipewa zawadi ambayo watoto wachache wa wakati ule wangeiota: gari dogo la viti viwili lenye motere ya kweli. Akiwa na miaka 12 alikwisha kuendesha Sascha, gari la mashindano ambalo babake alikuwa amelibuni. Dada yake Louise, aliyemtangulia kwa miaka mitano, naye alipenda kuendesha. Msomaji amshike Louise akilini, kwa sababu bila yeye habari hii ingekatika katikati.

Mwaka 1923 familia ilihamia Stuttgart, babake alipoingia kampuni ya Daimler. Ferry hakusoma chuo kikuu kama vijana wa tabaka lake. Alijifunza kazi kwa Bosch mwaka 1928, kisha akafundishwa hesabu na ufundi na watu wa ofisi ya babake. Mzee Ferdinand alikuwa mtu wa hasira ya haraka, mgumu kwa wakubwa wake, na alikuwa amegombana na kampuni moja baada ya nyingine. Mwishoni mwa 1930 aliamua kujitegemea, na mwezi Aprili 1931 ofisi yake ya uhandisi iliandikishwa rasmi mjini Stuttgart.

Hapa kuna jina ambalo kwa miaka mingi halikutajwa sana katika sherehe. Ofisi ile ilikuwa na wenye hisa watatu. Ferdinand Porsche alikuwa na asilimia 80. Mkwe wake Anton Piëch, mwanasheria, mume wa Louise, alikuwa na asilimia 10. Asilimia 10 nyingine ilikuwa ya Adolf Rosenberger, dereva maarufu wa mashindano, Myahudi wa mji wa Pforzheim. Dunia ilikuwa katika mgogoro mkubwa wa uchumi na kazi zilikuwa chache. Ni Rosenberger aliyesimamia upande wa biashara, na aliyeingiza pesa zake na kutafuta nyingine ili mishahara ilipwe. Mwanzoni mwa 1933, siku ambazo Hitler alikuwa anashika madaraka, aliacha uongozi wa ofisi. Mwaka 1935 hisa yake ilichukuliwa kwa marki 3,000 hivi, yaani thamani iliyoandikwa kwenye karatasi, ingawa ofisi ilikwisha kuanza kupata faida. Aliyeipokea hisa ile alikuwa Ferry, kijana wa miaka 25. Mwezi Septemba mwaka ule ule Rosenberger alikamatwa na kufungwa katika kambi ya Kislau. Aliachiliwa baada ya majuma machache, akahama Ujerumani, na mwisho akafika Marekani.

Kwa familia ya Porsche, miaka ile ilikuwa ya kupanda. Mwezi Juni 1934 ofisi ilipata kandarasi ya serikali ya kuchora gari la bei ndogo kwa ajili ya raia wa kawaida. Hilo ndilo Volkswagen ya mgongo wa mviringo, ambayo baadaye ilifika hadi Kongo na kujulikana kwa jina la Kifaransa la Coccinelle. Magari ya kwanza ya majaribio yaliunganishwa katika garaji ya nyumba ya familia mjini Stuttgart, na Ferry ndiye aliyesimamia majaribio ya barabarani. Mwaka 1939 walitengeneza pia magari matatu mepesi, ya umbo la tone la maji, kwa ajili ya mashindano ya kutoka Berlin hadi Roma. Mashindano yalipangwa kufanyika mwezi Septemba. Vita ikaanza mwezi ule ule, na hayakufanyika. Magari yale yalijengwa kwa sehemu za Volkswagen, na wazo lake halikumtoka Ferry kichwani.

Wakati wa vita ofisi ilifanyia kazi jeshi: magari ya askari, magari ya kuvuka maji, vifaru. Babake na shemeji yake Piëch walikuwa wakuu wa kiwanda kikubwa cha Volkswagen, ambako maelfu ya watu kutoka nchi zilizovamiwa walifanyishwa kazi ya kulazimishwa. Huko Stuttgart, ambako Ferry mwenyewe aliongoza shughuli za kila siku, mamia ya watu wa namna hiyo walitumiwa pia. Ferry aliingia katika kikosi cha SS. Maisha yake yote alieleza kwamba ilikuwa cheo cha heshima alichopewa bila kukiomba. Nyaraka zilizotangazwa baada ya kifo chake zinaonyesha kwamba aliomba mwenyewe mwaka 1938.

Mabomu yalipozidi Stuttgart mwaka 1944, ofisi ilihamishiwa Gmünd, kijiji kidogo cha Kärnten, katika kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao. Amani ilipofika, watu wa Porsche walikuwa mbali na miji, bila chuma cha kutosha, bila soko. Wakatengeneza kile majirani walichohitaji.

Kisha likaja pigo. Mwezi Novemba 1945 Wafaransa walimwita mzee Ferdinand Baden-Baden, wakimwambia wanataka msaada wake ili Ufaransa nayo ipate gari la raia. Mazungumzo yalianza vizuri. Tarehe 15 Desemba polisi walimkamata mzee, mkwe wake Piëch, na Ferry pia. Shtaka lilihusu wafanyakazi wa Peugeot waliohamishwa kwa nguvu na mali ya kampuni hiyo iliyochukuliwa wakati wa vita. Ferry aliachiliwa mwaka 1946. Mzee na Piëch walibaki. Walipelekwa Paris, ambako mzee aliulizwa maoni kuhusu gari jipya la Renault, kisha wakafungwa katika gereza la Dijon. Alikuwa na zaidi ya miaka 70, na baridi ya gereza iliharibu afya yake.

Basi kampuni ilibaki mikononi mwa Ferry na Louise. Wakati Ferry alikuwa bado amezuiliwa, Louise ndiye aliyeshika kila kitu kule Austria, na alipambana na wakuu wa jeshi la Waingereza ili mali isichukuliwe. Magazeti ya magari hayampi mama huyu nafasi anayostahili.

Wafaransa walitaka dhamana ya faranga milioni moja: nusu kwa mzee, nusu kwa Piëch. Pesa hiyo haikuwepo. Ilitoka Italia, kwa tajiri wa Torino aitwaye Piero Dusio, mwenye kampuni ya Cisitalia, aliyetaka gari la mashindano makubwa lisilo na mfano. Ferry na wahandisi wake, wakiongozwa na Karl Rabe, walimchorea gari lenye motere ya silinda 12 iliyowekwa nyuma ya dereva, na lenye uwezo wa kusukumwa na magurudumu yote manne. Kwa mwaka 1947 hayo yalikuwa maajabu. Gari lenyewe halikufanikiwa kushindana katika mashindano makubwa, maana Dusio aliishiwa na mali. Lakini malipo yake yalikwisha kufanya kazi iliyokusudiwa. Tarehe 1 Agosti 1947 mzee Ferdinand na Piëch walitoka gerezani. Mwezi Mei 1948 mahakama ya Ufaransa ilimwondolea mzee mashtaka. Alipofika Gmünd na kuonyeshwa michoro ya gari la Cisitalia, aliikagua yote na kumwambia mwanawe kwamba naye angeifanya vilevile. Kwa mtu aliyekuwa mchoyo wa sifa, neno lile lilikuwa kubwa.

Ni katika majira ya joto ya mwaka 1947, mzee akiwa bado Dijon, ndipo mradi namba 356 ulipofunguliwa. Ferry alieleza baadaye kwamba alitafuta gari dogo, jepesi, lenye nguvu ya kutosha kwa uzito wake, akalikosa, akaamua kulitengeneza. Maelezo hayo yamerudiwa mara nyingi katika matangazo ya kampuni. Ni ya kweli, ila si yote. Alikuwa pia na watu wengi wa kulipa, kandarasi moja tu kubwa, na kabati iliyojaa ujuzi wa Volkswagen.

Gari lilianza kwa kile kilichopatikana. Motere ilikuwa ya Volkswagen, ya sentimita za ujazo 1,131, iliyorekebishwa hadi kutoa nguvu ya farasi 35. Gia, usukani, freni na magurudumu, vyote vilikuwa vya Volkswagen. Chasi ilikuwa ya mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa moto. Umbo lilichorwa na Erwin Komenda, na mabati ya alumini yaligongwa kwa nyundo, kipande kwa kipande. Lilipokamilika lilikuwa na uzito wa kilo 585 na liliweza kufikia mwendo wa kilomita 135 kwa saa. Fundi yeyote wa garaji aliyewahi kufufua gari kwa vipuri vya gari lingine ataelewa haraka kazi ile kuliko mtaalamu wa chuo.

Motere ya gari lile la kwanza iliwekwa katikati, mbele ya magurudumu ya nyuma. Lilishika barabara vizuri, lakini hapakubaki nafasi ya mizigo nyuma ya viti, na chasi ya mabomba ilikuwa ghali kuunda. Ndiyo maana magari yaliyofuata yalirudisha motere nyuma kabisa, kama kwenye Volkswagen. Uamuzi huo wa kuokoa nafasi na pesa ndio uliolipa gari la Porsche umbo lake, na bado unaonekana kwenye 911 za leo. Mwezi Julai 1948 gari la kwanza lilishinda katika kundi lake kwenye mashindano ya mjini Innsbruck, likiendeshwa na binamu wa Ferry, Herbert Kaes. Kabla ya mwaka kwisha lilikwisha kuuzwa Uswisi, kwa sababu pesa ilihitajika.

Mwezi Septemba 1948 Ferry alisaini makubaliano yaliyookoa familia kuliko ushindi wowote wa mbio. Alikutana na Heinrich Nordhoff, mkuu mpya wa Volkswagen. Porsche ingelipwa marki 5 kwa kila Volkswagen itakayotengenezwa, ingepewa vipuri, na magari yake yangeuzwa kupitia maduka ya Volkswagen. Marki 5 ni kidogo, lakini kiwanda kile kilikuwa kinaongeza magari mwaka hadi mwaka.

Katika karakana ya Gmünd walitengeneza magari 50 hivi tu, kwa mikono. Mwaka 1950 kazi ilirudi Stuttgart, na gari la kwanza la huko lilikamilika mwezi Aprili. Ferry alihesabu kwamba labda wangeuza magari 500. Gari la 356 lilipoachwa katikati ya miaka ya 1960, zaidi ya 76,000 yalikuwa yametengenezwa. Mzee Ferdinand hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 30 Januari 1951, miezi michache kabla gari la mwanawe halijashinda katika kundi lake kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans.

Jina la Speedster lilitokana na biashara ya Marekani. Max Hoffman, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa muuzaji wa magari mjini New York, alimsihi Ferry atengeneze gari la wazi lenye bei chini ya dola 3,000. Wakaondoa kila kisichohitajika: kioo cha mbele kikafupishwa, paa likawa turubai jepesi, viti vikawa vya kawaida. Lilitoka mwaka 1954. Vijana wa California walikwenda nalo kazini siku za juma, na siku ya Jumapili wakalipeleka kwenye mbio.

Mwaka 1963 katika maonyesho ya Frankfurt ilionyeshwa gari jipya, lililochorwa na mwana mkubwa wa Ferry, Ferdinand Alexander. Liliitwa 901. Peugeot ilipinga, kwa kuwa ilishikilia haki ya majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati; sisi tuliozoea 404 na 504 barabarani tunaelewa. Likaitwa 911.

Ferry hakuwa mtu wa makelele kama babake. Aliongea polepole, alisikiliza, na wafanyakazi walimpenda. Lakini ndani ya familia upole huo haukutosha. Watoto wake na watoto wa Louise walishindania kampuni, hasa Ferdinand Piëch, mpwa wake mwenye akili kali, aliyesimamia gari la 917 lililoipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla huko Le Mans mwaka 1970. Mwishoni Ferry na dada yake walichukua uamuzi mgumu: watoto wote, wa pande zote mbili, waondoke katika uongozi. Mwaka 1972 ilifanyika hivyo. Yeye alibaki mwenyekiti wa baraza la usimamizi.

Kuhusu Rosenberger, Ferry hakuwahi kulegea. Baada ya vita mtu yule, ambaye Marekani alijiita Alan Robert, alidai haki yake mahakamani. Mwaka 1950 yalifikiwa mapatano: marki 50,000 na gari moja. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1976, Ferry alimwandika kwa dharau, kama mtu aliyetafuta faida kwa kisingizio cha mateso. Rosenberger hakuweza kumjibu. Alikuwa amefariki Los Angeles mwaka 1967.

Ferry alipofikisha miaka 80, mwezi Septemba 1989, kampuni ilimpa zawadi ya gari la maonyesho lililoitwa Panamericana, wazi, lenye paa la kitambaa linalofungwa kwa zipu. Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya. Mauzo yalianguka na watu walisema Porsche itanunuliwa na wengine. Kilichosaidia kuinua hali kilikuwa tena gari dogo la wazi, Boxster, lililoonyeshwa kama wazo mjini Detroit mwezi Januari 1993 na kuanza kuuzwa mwaka 1996, likiwa na motere katikati kama lile la 1948. Mzee aliliona. Alifariki tarehe 27 Machi 1998 huko Zell am See, Austria, akiwa na miaka 88. Zilibaki siku 73 kabla ya sherehe ya miaka 50 ya gari lake.

Gari lililofunuliwa mwaka 2018 lilifuata njia ya Speedster ya 1954 kwa kuondoa vitu. Halikuwa na redio wala mashine ya baridi. Nyuma ya viti kulikuwa na kifuniko chepesi chenye nundu mbili. Chasi ilitokana na 911 GT3. Motere yake ya silinda sita, lita 4, ilitoa nguvu ya zaidi ya farasi 500 na kuzunguka hadi mara 9,000 kwa dakika. Gia sita zilibadilishwa kwa mkono, jambo ambalo kwa magari ya aina hiyo limekuwa adimu. Baadaye kampuni iliamua kulitengeneza kwa ajili ya wateja, magari 1,948 tu, idadi inayolingana na mwaka wa ruhusa ya Kärnten. Mwaka huo wa 1948 una faida nyingine kwa wanaosherehekea: ukianza kuhesabu hapo, humkuti Rosenberger, wala kiwanda cha vita, wala watu waliolazimishwa kazi. Mwaka 2019, ndipo televisheni ya Ujerumani ilipotangaza filamu iliyomrudisha mbele ya watu.

Na gari lenyewe la kwanza, lile la kilo 585? Kampuni ililinunua tena kutoka Uswisi miaka ya 1950. Wenye kulimiliki walikuwa wamelikarabati na kulibadilisha mara nyingi, bodi, motere hadi freni, kiasi kwamba kwa sherehe ya 2018 ilibidi itengenezwe nakala yake, isiyotembea, ili watu waone jinsi lilivyokuwa siku ile mkaguzi wa Kärnten alipolipa ruhusa na namba ya K 45.286.